Kombolela siku tembo walipoingia shambani

Jumapili, manyunyu tangu asubuhi. Wanangu wamejibanza nyuma ya gunia la mahindi, wanacheza gemu la simu la kumficha mwenzao zimwi lisimkute. Mdogo ananong'ona, "Usimtaje." Harufu ya gunia lile imenipandisha hasira ya zamani.

Nilipokuwa mtoto, siku moja tulikuwa tunacheza kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana. Kaka alininyanyua nikaingia ndani ya kihenge cha mahindi. Mara watu wazima wakapiga madebe, tembo wameingia shambani, na watoto wote wakakimbilia ndani ya nyumba. Mimi nilidhani ni ujanja wa kunitoa. Nikatulia, mpaka nikasikia mabua yanavunjwa karibu yangu.

Baba aliponitoa, alimgeukia kaka.

"Ulijua yuko humu?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Mchezo ulikuwa haujaisha. Ukimtaja aliyejificha, umemuuza."

Kusema haki, sheria ilikuwa hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiing'ang'ania. Labda ningekuwa yeye ningenyamaza vilevile, sijui. Lakini yeye alikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, akanyamaza.

Jioni ile tulikula ugali, mlenda na samaki wakavu. Kaka alinimegea samaki wake. Nilimrudishia.