Amp yangu ya valvu ilinyamaza mbele ya wageni kanisani Baba Dogo, na bado ikashinda

Salamu wakuu, wa Eastlands na wale mliohama mkajifanya hamtujui. Hii nimeipitia mwenyewe na kanisa zima ni shahidi, kwa hivyo chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi hupiga gitaa kwa kwaya ya kanisa letu la mabati huku Baba Dogo. Bass ni Wafula, jamaa wa kiwandani, mikono kama koleo na mdomo mkubwa kuliko hiyo mikono.

Kwa miaka tulichomeka sote kwa amp yake moja ya transistor. Mashine safi, nyepesi, ukiwasha inaongea papo hapo. Shida ni kwamba inakaa upande wake. Nikianza solo tamu, mkono wake unateleza hadi kwa volume yangu. Bahati mbaya tu, kila Jumapili.

Nikasema natafuta yangu.

Soko la Gikomba nikapata amp ya valvu. Kwa asiyejua, hizo ni za kizamani, zina vitaa vya glasi mgongoni, na lazima vipate moto ndipo sauti itoke. Nikavihesabu: vinne. Nikavihesabu tena, maana Gikomba vitu hupungua ukipiga chafya.

"Boss, hii ni ya zamani, ndiyo maana iko juu," muuzaji akaniambia.

Nikamjibu hata mimi ni wa zamani na sijaona mtu akinipandisha bei. Tulielewana alipochoka. Mimi huwa sichoki.

Wafula alipoiona: "Watts kumi na tano? Buda, hiyo ni amp ama ni jiko? Mimi niko na mia!"

Mama Nekesa, mwalimu wetu wa kwaya, hapendi mzaha madhabahuni. Akaniambia mbele ya wote: "Nakupa Jumapili moja. Ikituaibisha unarudi kwa ya Wafula, na habari ya amp nisiisikie tena."

Jumapili yenyewe, wakuu, kwaya ya mtaa wa Pipeline ilikuwa inatutembelea.

Wimbo wa kwanza ulienda kama maji. Kwa ile transistor, gitaa nikilisukuma lilikuwa linakwaruza kama mtu anaburuta sufuria juu ya mabati. Hii ukiiongeza inakoroma kidogo tu, nene, kama mtu aliyeshiba.

Kisha yakaja maombi. Hapo ndipo nilikumbuka desturi yetu.

Wakati wa maombi mzee wa kanisa huenda kwa soketi akazima amp zote, zisinung'unike watu wakiongea na Mungu. Baada ya Amina anawasha. Kwa transistor hakuna neno. Yangu ikizimwa inapoa, na maombi ya kwetu si mafupi.

"Amina." Stima ikarudi. Mama Nekesa akainua mkono, kwaya ikaingia, kayamba ikaingia, bass ikaingia.

Mimi napiga. Kimya.

Wafula, bila kugeuza kichwa: "Iombee nayo." Akina mama wawili wa alto wakachekea ndani ya wimbo.

Sikugusa kitu. Ukianza kubonyezabonyeza mbele ya wageni, umeshakubali umeshindwa. Nikaendelea kupiga hewa na uso wa mtu anayejua shughuli yake.

Ubeti wa pili, gitaa likaanza kutoka chini polepole, kama harufu ya chai ikitoka jikoni. Kufika kiitikio lilikuwa limejaa nyumba. Wageni wakageuza shingo. Mama mmoja akapiga kigelegele ambacho hakikuwa kwa ratiba.

Baada ya ibada mpiga gitaa wa Pipeline alikuja kuchungulia vitaa mgongoni, mikono ameifunga nyuma. Nikasimama kando kama baba wa bibi harusi.

Kisha Mama Nekesa akaja.

"Tangu uingie kwaya hii," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia maneno ya ubeti wa kwanza. Nani amekufundisha kungoja?"

Ningejipa sifa, lakini Wafula alikuwa hapo, mdomo ameshafungua.

"Mama, sikungoja. Ilikuwa inapata moto."

Akafikiria kidogo. "Basi mzee aendelee kuizima."

Na ndivyo tunaimba mpaka leo. Amp yangu iko kulia kwa madhabahu, volume iko kwa mkono wangu.

Nilichojifunza: bass inataka sauti safi na kifua, hapo Wafula ako sawa na transistor yake, namwachia bila wivu. Lakini gitaa, nipe valvu. Na usinunue watts za kwa karatasi, sikiliza sauti ndani ya nyumba utakayopigia. Mtu akikwambia valvu inachelewa, mwambie inategemea imefika na nini.

Kama una transistor ya gitaa inayoweza kusimama chini ya mabati, uwanja ni wako, tubishane. Njoo na masikio, watts uache nyumbani.