Kicheko Kilichosafishwa

Mama Mkasi alionekana kwenye filamu kwa sekunde kumi na moja. Binti yake, muuguzi, ndiye aliyezihesabu, maana mama mwenyewe alikuwa bado anatafuta miwani wakati picha imeshahama. Sekunde kumi na moja anatia uzi kwenye tundu la sindano, ncha ya ulimi imechomoza pembeni mwa mdomo, na chini yake pameandikwa: Jirani, mshonaji. Hasemi neno. Mtu aliyehojiwa siku mbili nzima, akaongea mpaka koo likamkauka, ameketi pale kama picha ya kalenda.

Hilo angelimeza. Amemeza makubwa zaidi, akiwemo mume. Lisilomezeka lilikuja dakika chache baadaye, filamu ilipofika kwenye disko.

Lakini huwezi kuelewa hasira ya mtu bila kujua alichonyang'anywa. Filamu yenyewe ilikuwa ya maisha ya mwanamuziki mmoja, marehemu sasa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fidla. Jumapili alipiga fidla kanisani. Jumamosi alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi. Redioni alitunga nyimbo za kufundishia watoto kuhesabu, na akiwa peke yake chumbani aliimba kwa sauti ya chini, na fidla yake begani, nyimbo zisizo na kichwa wala miguu ambazo wasomi wa leo wanaziandikia vitabu. Halafu siku moja akaingia kwenye disko. Watu wa kanisa wakasema amepotea. Watu wa bendi wakasema amewasaliti. Yeye alivuka barabara tu, akaingia kiwanda cha nguo kilichotazamana na nyumba yake.

Kiwandani humo ndimo alimokuwa Mama Mkasi, enzi hizo msichana wa miaka ishirini na mbili, kwenye meza ya kukatia. Jina la Mkasi alilipata hapo, kwa sababu alikuwa akiufunguafungua na kuufunga mkasi wake mkubwa hewani hata pasipo nguo ya kukata, mpaka wenzake wakamwambia atakuja kumkata mtu pua. Upande wa pili wa ukumbi, kwenye mashine ya vitundu vya vifungo, aliketi dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi walipofariki na aliyemtafutia kazi ile. Dada huyo alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kicheko. Akicheka, fundi wa mitambo alikuja mbio kuangalia ni mashine gani imekatika mkanda.

Fidla aliwaambia washonaji shida yake waziwazi. "Kanisani wananisikiliza wamekaa," alisema. "Kwenye dansi wanaume wananisikiliza wameshika glasi. Mimi nataka miguu isiyo na adabu."

Basi kila Jumatano, saa ya mapumziko ya mchana, alikuja na mashine yake ya kanda kubwa za duara, ameipakia kwenye toroli la kubebea majora ya nguo. Aliwasha wimbo, akachuchumaa, akaangalia miguu tu. Nyuso hakuzitazama. Pale miguu ilipopoa, aliomba chaki ya kukatia nguo, akatia alama kwenye kanda, akarudi nyumbani kuikata kwa wembe na kuiunga upya. Jumatano iliyofuata alikuwa amerudi. Ilichukua miezi minane. Kuna nyimbo za kanisani alizozitunga asubuhi zikaimbwa jioni, lakini ule wimbo wa disko aliushona kama gauni la harusi ya mtu mnene, kwa kupima na kufumua.

Jumatano ya mwisho alisimamisha vipaza sauti viwili juu ya meza ya kukatia, akawaomba wacheze huku akirekodi. "Mkasi, na wewe ulete huo mkasi wako." Akaupiga, cha-cha, cha-cha, juu ya midundo. Dakika ya saba akaingia nyapara, amekunja uso, amekuja kufukuza. Akafungua mdomo, kisha mabega yake, bila kumwomba ruhusa, yakaanza kutikisika. Dada mkubwa akapasuka kicheko. Mkasi akamsikia dada yake, akageuka, akakosa pigo moja.

Aliona aibu mpaka akataka kulia. Aliomba warudie, na Fidla akakubali. Walirudia kipande hicho mara kumi na tatu, zote zikiwa safi, hakuna aliyekosea. Santuri ilipotoka, dakika ya saba, kicheko kilikuwemo, na baada yake pigo moja la mkasi halikuwepo. Fidla alikuwa amechukua ile ya kwanza.

Dada alifariki miaka miwili baadaye, kwa homa ya siku nne. Wakati huo nani alikuwa na wazo la kurekodi sauti ya mtu wa vitundu vya vifungo? Ilibaki picha ya kitambulisho cha kazi, uso umenuna kwa amri ya mpiga picha, na dakika ya saba ya santuri ile. Mama Mkasi aliipiga dakika hiyo miaka na miaka, mpaka sindano ya gramafoni ikala mfereji, na mahali pa dada pakabaki mkwaruzo. Watoto wake walimtafutia kwenye simu, wakapata nyimbo zote za huzuni za Fidla, lakini ile ya disko hakuna aliyejishughulisha kuiweka.

Ndiyo maana watu wa filamu walipobisha hodi, aliwapokea kama wajomba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na kanda halisi, ile ya Fidla mwenyewe, waliyopewa na familia yake. Mwongozaji, mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu iliyopitiliza, alimshika mikono miwili na kumwambia, "Mama, sauti ya dada yako itasikika dunia nzima." Kisha akawasha taa zake, akauliza, "Je, miaka ya disko alikuwa mtu wa huzuni?"

"Huzuni? Alikuwa akicheka!"

"Lakini ndani yake, Mama. Ndani."

"Ndani mimi nitaingilia wapi?"

Mara nne aliulizwa swali hilohilo, mara nne akajibu vilevile. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe wakamwomba anyamaze kidogo, atie uzi kwenye sindano.

Na sasa yuko ukumbini, alasiri, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, kamshika binti yake mkono. Disko ilipewa dakika nne katika filamu ya saa moja na nusu. Picha zikageuka rangi ya majivu. Msomi mwenye ndevu akasema hii ndiyo "miaka ya kupotea", Fidla alibanwa na njaa akauza kipaji chake kwa midundo ya haraka haraka. Miezi minane, haraka haraka! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisha wimbo ukaanza, na Mama Mkasi akatambua papo hapo kwamba ni dakika ya saba.

"Sasa," alimnong'oneza binti yake. "Sasa hivi. Sikiliza."

Besi ikaja. Ngoma ikaja. Mkasi haukuja. Miguu haikuja. Pale alipopaswa kucheka dada yake palipita gitaa peke yake, safi kama sahani ya hospitali. Watu wakapiga makofi mwishoni, wakasimama kabisa. Yeye alibaki kwenye kiti na mkoba mapajani, na binti yake alipomwinamia, alisema neno moja tu, "Wamemuua tena."

Jumatatu alifika ofisini kwa watu wa filamu kabla hawajafungua. Binti yake alikuja naye, akimkumbusha njiani kwamba hasira hasara. Aliambiwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu hasira iliongezeka.

Mwongozaji aliwapokea kwa chai na maneno laini. Alimpaka mama wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Filamu imewaheshimu sana akina mama wa kiwandani, imewagusa wengi, hata picha ile ya sindano watu wameisifu.

"Dada yangu yuko wapi?" aliuliza Mama Mkasi.

"Mama?"

"Kicheko. Na mkasi wangu. Na miguu ya watu thelathini. Mmeipeleka wapi?"

Mwongozaji alifikiri, kisha uso ukamwangaza kama mtu aliyekumbuka alipoacha funguo. "Aa! Ile kelele. Kanda ilikuwa na kelele nyingi za kiwanda, Mama. Mshauri wetu, yule msomi, alisema Fidla hakuwa na uwezo wa kulipia studio, akalazimika kurekodia pale. Kwa hiyo tuliisafisha, ili wimbo usikike kama yeye mwenyewe alivyotaka."

Binti yake alimshika mama mkono, lakini alichelewa.

"Kama alivyotaka! Wewe ulikuwepo? Huyo mwenye ndevu alikuwepo? Nilikwambia siku mbili! Nilikwambia mpaka nyapara alivyotikisa mabega! Ulikuwa unaitikia kwa kichwa, kumbe unasubiri nilie!"

Kwenye kona ya chumba aliketi fundi sauti, mwanamume mtu mzima mwenye upara, ambaye mpaka hapo alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta zake. Akakohoa.

"Mama, shikamoo. Samahani. Mimi ndiye niliyesafisha." Alikuna upara. "Ila sikutupa. Mashine ikisafisha, inachambua. Wimbo inaweka huku, kelele inaweka kule. Kule bado kupo."

Aliwageuzia kioo. Kulikuwa na orodha ya majina, na la mwisho lilisomeka: UCHAFU 3. Fundi aliona Mama Mkasi analisoma, akatamani ardhi ipasuke. Akabonyeza.

Hakukuwa na besi wala ngoma wala gitaa. Kulikuwa na viatu vya watu thelathini kwenye sakafu ya saruji. Kulikuwa na mkasi, cha-cha, cha-cha, wazi kama uko juu ya meza ile ile ya ofisi. Mama Mkasi alijikuta anausaidia kwa vidole viwili. Kisha mlango ulifunguka mahali fulani, na dada yake akacheka. Hakuwahi kumsikia hivyo tangu siku ile yenyewe, kwa kuwa hata santuri ilipokuwa mpya muziki ulikuwa umemfunika nusu. Sasa alikuwa mzima, na mwisho wa kicheko alisikika akivuta pumzi ili aanze tena. Mkasi ukakosa pigo moja.

Na hapohapo, karibu kabisa na kipaza sauti, sauti ya mwanamume, ya chini, inayojizuia kucheka, iliyokuwa imelala chini ya besi miaka arobaini na tatu, ikasema, "Basi. Nimeipata."

Halafu, polepole zaidi, "Mwacheni arudie akitaka."

Mama Mkasi alikuwa analia, kilio cha mdomo wazi, kisicho na haya, na binti yake analia kwa kumwona. Fundi sauti alivua miwani. Mwongozaji naye alikuwa na machozi, machozi ya kweli, wala tusimsingizie. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika kamera.

"Mama," alisema kwa upole, "samahani sana. Unaweza kusikiliza tena, tuanze hapo mwanzo, ufanye vilevile ulivyofanya?"

Mama Mkasi alifuta uso kwa kiganja. Alimtazama mwongozaji, na hasira yote aliyokuja nayo ikabaki uchovu mtupu.

"Mimi nilirudia mara kumi na tatu, mwanangu," alisema. "Akachukua ya kwanza. Wewe ya kwanza imekupita."

Filamu haikubadilishwa. Ilikwisha kutumwa huko ilikotumwa, na maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo mwongozaji alivyosema. Alichoweza ni kuweka kicheko na mkasi mwishoni kabisa, majina yanapopanda, kwa nakala itakayoonyeshwa kwenye televisheni. Binti akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama Mkasi aliwaita majirani wote, akapanga viti, akawasubirisha saa moja na nusu. Majina yakaanza kupanda. Cha-cha, cha-cha. Na mtangazaji wa televisheni akaingilia kati kwa sauti ya furaha, akawajulisha watazamaji kwamba baada ya matangazo ya biashara kuna taarifa ya hali ya hewa. Alipomaliza kuijulisha dunia habari za mvua, wimbo ulikuwa umekwisha.

"Lakini tumekuona!" majirani walimpongeza. "Na sindano!"

Asubuhi yake alifungua duka lake la ushonaji kama kawaida. Alikuwa na sare za shule za kukata, jora zima. Kutoka kwenye mkoba alitoa kile kidude kidogo cha kuhifadhia sauti alichopewa na fundi siku ile, fundi aliyemuuliza aandike jina gani badala ya lile la uchafu, naye akamwambia aandike jina la wimbo, jingine la nini. Akakichomeka kwenye redio. Viatu vya watu thelathini vikajaa dukani. Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akashika mkasi, akaanza kukata kufuata mwendo wa msichana wa miaka ishirini na mbili, na kwa dakika sita hawakupishana hata mara moja.

Dakika ya saba mlango ulifunguka, dada akacheka. Mama Mkasi aligeuka kumtazama, na mkasi ukakosa pigo.

Mstari wa kitambaa ulipinda kidogo hapo. Hakuukata upya.