Kiti Kilichogoma Kushuka

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya magari, nikaambiwa yule Mrundi wa Garland, hapa Texas, aliyekuwa akienda ghalani kwa baiskeli hatunaye tena. Moyo wake ulisimama akivaa viatu vya kazi. Mnisamehe, wasomaji wangu, leo sina utulivu. Tangu siku hiyo nikiketi nasimama, nikisimama natafuta funguo za gari. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilimjua barabarani tu. Siku moja ya jua kali nilimkuta akikanyaga pedali kando ya barabara isiyopitwa na mtu kwa miguu, nikasimama na kumwambia aingie, baiskeli tutaitia kwenye buti. Akacheka. "Asante, kaka. Lakini nikipanda leo, kesho nitakungojea." Niliudhika, sitaficha. Nani hukataa lifti Texas mwezi wa nane?

Kwenye matanga nyumba ilijaa. Wakenya tulileta chapati na chai ya maziwa, Warundi wenzake wakasali rozari sebuleni, na sisi wanaume tusiojua pa kuweka mikono tukajikusanya gereji, kando ya baiskeli ya marehemu. Mjane, anayefanya kazi hotelini na hajui kuendesha gari, alitufuata huko. Kila mmoja akawa anaahidi: mimi nitaku-drive, dada, mimi nitaku-pick Jumatatu. Akatusikiliza mpaka tukamaliza. "Mutanibeba juma moja," alisema, bila kinyongo. "Kisha zamu zenu zitabadilika. Muniteremushie kiti cha hii baiskeli, nifike kazini." Mumewe alikuwa mrefu, yeye alimfika begani.

Tulilegeza bolti, tukavuta. Wapi! Bomba la kiti lilikuwa limeshikana na fremu kwa kutu. Nesi mmoja wa Fort Worth akashika nyundo, akagonga kama anayedai haki yake. "Wee, utapasua fremu!" fundi wa viyoyozi akamzuia. "Tia mafuta, tuache mpaka kesho." Kesho! Neno hilo lilitutoa gereji mmoja mmoja. Huyu ana zamu, yule ana watoto, mwingine anarudi mji wa Katy, mwendo wa saa nne kwa gari. Hatuna roho mbaya, jamani. Huku tunahama kazi na nyumba kabla hata ya kuzoeana, na huruma yetu inategemea ratiba ya kazi inayopangwa na mtu mwingine.

Nilifika nyumbani nikashindwa kukaa. Kesho yake nikarudi, na yule fundi pia. Mjane alikuwa ameshaongeza mafuta mwenyewe. Mimi nikabana fremu, fundi akashika kiti, safari hii akikizungusha badala ya kukivuta, kulia, kushoto, taratibu mpaka nikatamani kupiga kelele. Kikalia kwii, kikazunguka. Tulipokishusha, mama wa watu akakishika kwa mikono miwili akalia kwa sauti, kwa kuwa mpaka dakika ile kiti kilikuwa kwenye urefu wa mumewe. Nami nililia. Kisha akafuta uso, akapanda, akazunguka maegesho mara moja, miguu ikifika vizuri.

Jumatatu nilikwenda kumchukua, kama nilivyoahidi. Foleni ikanichelewesha. Nilikuta mlango umefungwa na baiskeli haipo, nikaegemea gari nikacheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ndugu msomaji, aliyefiwa usimwahidi kesho yako. Mshushie kiti.