Cheche Hana Ruhusa ya Kuota Ndevu

Kwa miaka ishirini na moja mchoraji mmoja, ambaye wenzake ofisini walimwita Mama Wino, alimchora Cheche: mtoto wa miaka kumi na mitatu anayemsaidia shujaa Ngurumo kupambana na wahalifu, katika kitabu cha katuni kinachotoka kila mwezi. Alipoanza kazi, alikuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Sasa mwanawe ananyoa ndevu, na Cheche bado ana kumi na mitatu, bado anaruka madirishani na kaptura ileile.

Mwaka huu uvumilivu ulimwisha. Akachora kurasa nane ambamo Cheche amerefuka, masharubu yameanza kumtoka, na kwa mara ya kwanza anamwambia Ngurumo, "Hapana."

Mchapishaji, mwenye kampuni, alizipokea kama kawaida. Kitabu kilipotoka, Mama Wino akafungua nakala yake. Masharubu yamefutwa. Miguu imefupishwa. Penye "Hapana" pameandikwa "Sawa, mkubwa!" Na chini kabisa, jina lake yeye.

Damu ikamchemka. Akapanda ngazi mbili mbili, hata hodi hakupiga.

"Nani kagusa kazi yangu?"

"Kaa kwanza, binti," alisema mchapishaji.

"Sikai. Nani?"

"Niliagiza mimi. Cheche akikua, Ngurumo anazeeka. Ngurumo akizeeka, tutauza nini? Shujaa mwenye kitambi? Sura ya Cheche iko kwenye mabegi, chupa za maji, mpaka soksi. Nani atamnunulia mtoto soksi zenye baba mwenye masharubu?"

"Waliomsoma wakiwa watoto leo wana watoto wao."

"Ndiyo! Na wakirudi wanataka kumkuta yuleyule."

"Nani kakwambia? Miaka yote hiyo anavunjwa mbavu, anatekwa, anazika marafiki, na mwezi unaofuata anaamka kama hajaona kitu. Huyo si mtoto, ni mfungwa! Na mimi nina miaka arobaini na tisa, mvi hizi hapa, bado unaniita binti!"

Mchapishaji akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Mama Wino akanyakua kalamu mezani, akalikata jina lake kwenye ile nakala mpaka karatasi ikachanika, akamtupia, akaondoka moja kwa moja.

Hakushinda. Alipata kazi ya kuchora mapafu na figo kwa vitabu vya sayansi, na Cheche hajaongezeka umri hata siku moja. Mumewe alidhani hasira zitapoa. Wapi!

Siku moja simu ikaita. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyepewa Cheche. Nywele zake zinanishinda. Unaanzia wapi?"

Mama Wino aliuma meno. Nusura akate simu.

"Juu ya sikio la kushoto," akasema mwishowe. "Anza hapo, uzungushe. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Usikae sana hapo kazini," alisema, akakata simu.