Mchoro Niliokataa Kuunyoosha

Mie nikishaamini jambo, hunibandui. Ndivyo nilivyo, na ndiyo maana wiki ile nusura niikose shahada yangu.

Ishu yenyewe ilikuwa mchoro. Nilikuwa nasoma fizikia, nikichunguza punje za alumini ndogo ajabu, ambazo ukizipanga elfu kumi kwa mstari zinaenea kwenye upana wa unywele mmoja. Alumini ikipozwa vikali, baridi ambayo friji ya nyumbani haiwezi hata kuiota, elektroni zake hushikana mbili mbili, na umeme unapita bila ukinzani wowote, bila kupotea hata kidogo njiani. Mie nilitaka kujua: punje ikizidi kuwa ndogo, raha hiyo inabaki au inakwisha? Maabara ya kutengeneza baridi ya namna hiyo sikuwa nayo, kwa hiyo nilipiga hesabu kwa kompyuta, mezani kwetu Kinyerezi, nikiongeza elektroni moja moja kwenye punje.

Mchoro wa nguvu ya kule kushikana ukatoka na meno kama msumeno. Juu, chini, juu, chini. Msimamizi wangu, profesa mzee mpole, akautazama akasema, "Programu yako ina makosa, binti. Chukua wastani, unyooshe, uniletee Ijumaa nisaini." Asiposaini Ijumaa, narudia mwaka mzima.

Nikaitikia, "Sawa, Profesa." Moyoni nikasema, thubutu! Programu ile nilikuwa nimeikagua mpaka macho yakavimba. Ila sababu ya yale meno sikuwa nayo, na kumbishia profesa mikono mitupu ni kujitafutia balaa.

Alhamisi asubuhi nikamkalisha mama anisomee jedwali la namba za mchoro, mie nihakiki namba kwenye kompyuta. Mama ni mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, alifundisha Mbeya miaka yote kabla sijamleta mjini, na hajui kusoma kitu kimyakimya. Tulipofika katikati akavua miwani.

"We mtoto, hizi zilizoshuka mbona zote witiri?"

"Zipi, mama?"

"Idadi ya elektroni. Shufwa inapanda, witiri inashuka. Au darasani ulikuwa unasinzia?"

Jamani! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Idadi ikiwa witiri, elektroni moja inakosa mwenza, na inawavuruga wenzake. Kwenye bonge la alumini nani atajua? Ni kama mgeni mmoja akose sahani kwenye harusi ya watu elfu. Ila kwenye punje ndogo ni watu watano mezani na sahani nne: wote wanaliona. Na punje ikizidi kupungua, hata kule kushikana kwenyewe kunakufa. Nikaingia mtandaoni, kumbe wenzetu wa nje walishaliandika. Profesa wangu, aliyezama kwenye uongozi miaka mingi, lilikuwa limempita.

Ijumaa nikamfuata nyumbani kwake Kinondoni, maana miguu ilikuwa inamsumbua na kazi za wanafunzi alizisomea huko.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umenyoosha?"

"Sijanyoosha. Naomba dakika kumi tu. Ukikataa, nitarudia mwaka."

Nikamweleza nikiwa nimesimama, sauti haitetemeki. Nilipomaliza akainuka taratibu, akaenda kabatini, akarudi na kitabu chenye jalada lililochakaa. Ilikuwa tasnifu yake mwenyewe ya ujanani, aliyoifanyia ng'ambo, kwa punje ya kweli na baridi ya kweli, naye akiongeza elektroni moja moja. Akafungua ukurasa wenye mchoro. Mstari ulikuwa umenyooka, mzuri kabisa. Lakini vidoti vya vipimo vyake vilikuwepo palepale, na hakuna hata kimoja kilichougusa mstari. Kimoja juu, kinachofuata chini, mpaka mwisho.

"Msimamizi wangu alisema mashine mbovu," akaniambia. "Alisema ninyooshe."

"Ukafanyaje, Profesa?"

"Nilinyoosha, mwanangu. Sikuwa na ubishi wako."

Akasaini kazi yangu bila kugusa jino hata moja. Nilifurahi, haki ya Mungu, na papo hapo nikamwonea huruma. Nilipoaga hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika penseli, anaunganisha vidoti vyake vya zamani, kimoja kimoja.