Landrova Iliyovaa Sare

Harub bin Zubeiri hujisema mwenyewe kabla hujapata nafasi ya kumsema. Ukimkuta barazani kwake Chumbageni atakueleza, bila kuulizwa, kwamba alipokuwa karani bandarini alihesabu magunia ya watu na hakuna hata moja lililopotea. Ila alipostaafu akafuga kuku wake mwenyewe, walipotea wote, na mpaka leo hajui wamekwenda wapi. Atakueleza pia habari za mikate aliyojaribu kuoka, ikawa migumu hata mbuzi wa jirani akainusa na kuisusa. Haya yote huyasema akicheka, na asiyemjua hudhani huyu ni mtu asiye na uchungu wa kitu chochote. Si kweli. Alikuwa na uchungu mmoja, na ndio uliomfanya aanze kuipaka rangi Landrova ya marehemu baba yake.

Shahd, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Pangani. Katika nyumba yao, bibi harusi anapopelekwa kwa mume, wanaomsindikiza ni wanawake: mashangazi, somo yake aliyemfunda, majirani, wote ndani ya kanga za sare moja. Baba hubaki nyumbani. Hukalishwa barazani na wazee wenzake, akapewa kahawa na halua, watu wakampa hongera huku mwanawe akiondoka. Harub alikwisha kuwakalisha wenzake wengi namna hiyo, akiwamiminia kahawa na kuwatania. Ilipokaribia zamu yake, akaona hataweza. Alitaka kwenda na mwanawe mpaka mlangoni kwa watu, amwone anaingia, ndipo arudi. Lakini kulitamka hilo mbele ya mama yake, Bi Shamsiya, hakuthubutu. Bi Shamsiya ndiye mwenye kauli katika mambo ya harusi, na mwanamume wa kutaka kujipenyeza kwenye msafara wa wanawake angesikia kwake maneno ya kukaa nayo hadi kaburini.

Basi akatafuta ujanja. Landrova ilikuwa imelala uani chini ya msufi kwa miaka, na gia zake hakuna aliyezijua isipokuwa yeye: ya pili haiingii mpaka uisukume kwa goti, na ya tatu mpaka uisemeshe kwa adabu. Shahd akienda kwa gari la babu yake, nani atakayeliendesha? Hapana mwingine. Harub aliuona ujanja huu kuwa mkubwa kuliko wote aliopata kuubuni maishani, ingawa, kwa kauli yake mwenyewe, huo mwingine wote haukuwa wa kutisha.

"Mama," alianza siku moja, "mimi naona mtoto aende kwa gari la babu yake. Si ndilo lililokuleta wewe hapa?"

Bi Shamsiya akachungulia uani. "Lilinileta likiwa gari. Hilo sasa ni banda la kuku."

"Kuku wamekwisha, Mama."

"Najua walivyokwisha." Bibi akarekebisha mtandio. "Sikiliza, Harub. Likipendeza, atapanda. Lisipopendeza, atakwenda na gari la Ammar, na wewe utakaa barazani na wenzako unywe kahawa yako. Sitaki mjukuu wangu achekwe na watu wa Pangani."

Ammar ni mdogo wake Harub, na gari lake ni jeupe, linang'aa hata wakati wa mvua. Harub alilichukia gari lile tangu siku hiyo, japo halikumkosea chochote.

Injini ilifufuliwa upesi. Ilikuwa na kelele nyingi, lakini ilikuwa hai. Iliyobaki ni rangi, na kwa kazi hiyo akaitwa Rafaeli, fundi kutoka Muheza, mwanakwaya mwenye sauti nzito ambaye hupiga msasa kwa mapigo ya nyimbo za kanisani. Rafaeli alitaka gari lipelekwe gereji kwake, penye paa na kuta. Harub akakataa. Alitaka kila kitu kifanyike mbele ya macho yake, uani, kwenye kivuli cha msufi.

"Fundi, kivuli hiki kinalishinda paa lako," alisema, akilipapasa shina la mti kama mtu anayeuza ng'ombe.

Rafaeli akalitazama gari, akaitazama sahani ya pilau aliyoandaliwa na Huwaida, mke wa Harub, akaona kweli kivuli kile kina faida zake. Hapo ndipo walipokosea wote wawili, na wala hawakujua.

Msasa ulipoanza kula bodi, maisha ya Harub yakaanza kutokea hadharani. Juu kabisa kulikuwa na rangi ya kijivu.

"Hii ya nini, mzee wangu?" Rafaeli akauliza.

"Hiyo ni biashara. Nilitaka kubeba watalii wa Ushongo."

"Ukawabeba?"

"Mmoja. Alishuka njiani."

Chini ya kijivu ikatoka samawati, na ndani yake zimeganda nywele za brashi ya kupakia madirisha. "Na hii?"

"Hiyo ni mapenzi. Nilikuwa namchumbia Mama Shahd."

Chini ya samawati ikatoka rangi ya machungwa, kali ya kuumiza macho. Rafaeli akafungua kinywa, lakini Harub akamuwahi. "Hiyo ni biashara tena. Nilikuwa nachukua matunda kwenu Muheza, nikadhani wateja watanielewa kwa mbali. Piga msasa, fundi, usiniangalie."

Mwisho kabisa, kwenye ubavu wa mlango, ikajitokeza rangi ya maziwa, laini, bila mawimbi. Hiyo ilikuwa ya baba yake. Harub akaipapasa kwa kiganja. Alikuwa amesahau kwamba gari lile lilipata kuwa zuri kabla halijaangukia mikononi mwake. Akasema hiyo hiyo ndiyo wataipaka, na akaenda dukani kuinunua yeye mwenyewe. Huko akachagua kwa kutazama kifuniko cha kopo, basi. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia mageti, nzito, ya kukauka taratibu. Rafaeli akaikoroga, akauma midomo, akasema itakubali ikipewa muda. Muda uliobaki ulikuwa siku mbili.

Ikapigwa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, kisha ikapigwa rangi yenyewe. Alasiri ile Landrova ikasimama uani imetakata, na Harub akaizunguka mikono nyuma, kifua mbele, akijiona tayari yuko njiani Pangani. Ilikuwa Januari, kaskazi imeanza kuvuma, na juu yao maganda ya msufi yalikuwa yamekauka na kupasuka. Wanaume wawili wazima, mmoja amezaliwa chini ya mti ule, mwingine katoka Muheza kwenye misufi tele, hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Upepo ukaja mara moja tu. Sufi ikateremka taratibu, bila haraka, ikatua juu ya boneti, juu ya paa, juu ya milango yote. Kufumba na kufumbua Landrova ikawa na ndevu.

"Yesu wangu!" Rafaeli akasema.

"Usisimame, toa!" Harub akafoka.

Wakaanza kuinyofoa kwa vidole, na kila walipotoa unyoya wakaacha alama ya kidole. Upepo ukaonyesha dalili za kurudi. Turubai la nyumbani lilikuwa limejaa vumbi la mkaa. Harub akakimbilia ndani akitafuta kitu safi, kipana, kilicho laini, na juu ya kitanda akakiona: mzigo wa kanga za sare, mpya kabisa, bado na wanga wake wa dukani, nyekundu zenye mapambo ya korosho. Anasema mpaka leo kwamba wakati ule alijiona ana akili nyingi. Alizichukua zote, wakaifunika Landrova kuanzia paa mpaka taa, vizuri, bila kuacha upenyo, wakakaa kula pilau iliyobaki.

Asubuhi yake wakafunua. Kanga ya kwanza ilitoka kwa sauti ya kuchanika. Ya pili vivyo hivyo. Rangi ile ya mageti ilikuwa imekunywa nyekundu ya kitambaa, na boneti nzima ilikuwa imejaa korosho kubwa kubwa, zimepangika kwa safu. Paani yalionekana hata maandishi ya kumtakia heri bibi harusi, yamegeuka kinyumenyume. Na kanga nazo hazikusalimika. Kila moja ilikuwa imeondoka na kipande chake cha rangi ya maziwa.

Huwaida akatoka jikoni, akaona, akashika kichwa. "Baba Shahd! Sare za watu! Umenifanyia nini, Baba Shahd?"

Utani wote ulimkauka Harub mdomoni. Alichokiona mbele yake hakikuwa gari, ila baraza, kikombe cha kahawa mkononi, na gari jeupe la Ammar likikata kona na mwanawe ndani. Alijichukia kwelikweli. Angeweza kuliacha gari lile gereji, penye paa na kuta, na hakuliacha.

Shahd akatoka mikono ameinyanyua, hina haijakauka. Akalitazama gari, akamtazama baba yake, akauma mdomo asicheke. Wanawake waliokuja kusaidia mapishi wakajaa uani. Kisha wote wakapisha njia, maana Bi Shamsiya alikuwa anateremka ngazi na fimbo yake.

Alilizunguka gari polepole. Akagusa boneti kwa kidole, akalinganisha na kanga iliyokuwa mkononi mwa Huwaida, korosho kwa korosho.

"Huu wazimu wa nani?" akauliza.

"Wangu, Mama," Harub akasema.

"Nilijua, nauliza tu." Akazunguka tena mara ya pili. "Sasa, mimi nilisema lipendeze. Hili sijui kama limependeza. Lakini limevaa sare." Akawageukia wanawake. "Mwenye sare ni wa msafara. Tangu lini tumemwacha nyumbani mwenye sare?"

Vigelegele vikapasua uani. Huwaida hakupiga; bado alikuwa na hasira zake. "Na dereva je, Mama? Huyu naye kavaa nini?"

"Dereva naye avae," Bi Shamsiya akajibu. "Asipovaa, haendi."

Ndivyo Harub bin Zubeiri, mzee mwenye kanzu na kofia ya kiua, alivyotoka Chumbageni siku ya pili yake akiwa na kanga ya korosho imefungwa mabegani, nyuma ina baka la rangi umbo la boneti. Wanawake walimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Wazee wenzake walisimama barazani kumtazama, na Ammar, aliyeachiwa kazi ya kumimina kahawa, akaimwaga mkekani. Harub akawapungia mkono wote. Hakuona haya hata chembe. Alikuwa amepata alichokitaka, na angekuwa tayari kukifuata hata kwa kuvaa na buibui juu.

Shahd alikaa mbele, dirishani, kwa sababu nguo yake haikuweza kuenea nyuma. Huko nyuma walibanana mashangazi na matari yao. Harub alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia mwanawe njiani. Alikuwa ameyapanga kwa siku nyingi, yaliyo ya kumwusia na yaliyo ya kumwomba, na mengine ambayo baba huwa hayasemi. Lakini injini ilinguruma, matari yakalia, na mashangazi wakaimba kwa nguvu zote.

"Shahd!" akaita.

"Naam, Baba?"

Wakafika kilimani, gia ya tatu ikataka kusemeshwa, akaisemesha hiyo kwanza.

"Shahd!"

"Sikusikii, Baba! Unasemaje?"

Hapo wakaingia kwenye kipande kisicho na lami. "Nasema funga kioo!" Harub akapiga kelele. "Vumbi!"

Shahd akapandisha kioo. Kikakaa kidogo, kikashuka chenyewe, maana kishikio chake kilikuwa kimekatika. Akakipandisha tena, na safari hii akakishikilia kwa kiganja chenye hina, mkono umenyooka, mpaka Pangani. Harub aliuona mkono ule kila alipogeuka.

Mlangoni kwa mume wanawake wakamshusha, wakamfunika, wakamwingiza kwa nyimbo. Harub akabaki kwenye usukani. Vijana wa pale wakamwangalia na kanga yake, mmoja akamsalimu, "Shikamoo, shangazi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nyembamba, wakacheka wote. Kabla hajapotelea ndani Shahd akageuka.

"Baba, urudi polepole."

"Haya," Harub akasema.

Wanawake walibaki huko kwa shughuli, naye akarudi peke yake. Alipotoka mjini kioo cha upande aliokaa Shahd kikashuka chenyewe, hakuna wa kukishika. Nyuma kulikuwa kimya, na bila matari hata injini ilionekana kupunguza kelele. Ndipo maneno yale yalipomjia yote, kwa mpangilio, akayasema kwa sauti tangu la kwanza hadi la mwisho, wala hakukosea hata moja. Yalikuwa mazuri sana. Alipomaliza akatazama pembeni, na kile kiti kilikuwa kimejaa vumbi.