Wimbo wa Mdomo wa Mtemi

Mwaka wenyewe siwezi kuwatajia kwa namba. Namba nilisoma madarasa mawili tu, nikatolewa nikachunge ndama. Lakini tulichokula nakikumbuka. Siyo mwaka wa mahindi ya njano, huo ulikuja baada ya uhuru na mimi nina watoto tayari. Siyo mwaka wa nzige, huo nilisimuliwa. Ni ule mwaka, Mwingereza akiwa bado yupo, tuliokula muhogo asubuhi, tukala muhogo jioni, na katikati yake tukanywa maji tukasikia ladha ya muhogo.

Juzi mkwe wangu alianika udaga hapo uani. Upepo ukageuka, ikanifikia ile harufu ya muhogo uliolowekwa mpaka ukachacha, harufu kama ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye chungu. Nikatema mate kabla sijajua kwa nini. Mkwe akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nakumbuka. Naye akaendelea kugeuza udaga wake, maana wa siku hizi ukiwaambia unakumbuka wanaona afadhali ungeumwa.

Sisi tuko milimani huku Tarime, na chakula chetu tangu zamani ni obokima, yaani ugali, wa ulezi. Mwekundu, mzito, ukiumeza unajua umeshuka. Ikaja amri kila mji uwe na shamba la muhogo, akiba ya njaa. Hilo hatukulikataa, njaa tunaijua. Mtemi wetu ndiye aliyeongeza lake: muhogo upandwe kwenye mashamba ya ulezi, yale yenye udongo mweusi, na ulezi wowote utakaoonekana utang'olewa. Jina la mtemi huyo silitaji. Wajukuu zake wapo na wana kelele.

Sasa, nyuma ya nyumba ya mtemi huyo kulikuwa na ulezi mpaka kwenye kijito. Waliopelekwa kwa zamu kumpalilia waliuona kwa macho. Na pombe yake haikuwa ya muhogo.

Hapa niwaeleze mji wetu ulivyokuwa, la sivyo hamtanielewa. Mwenye mji alikuwa Bibi Robi. Alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa, mumewe akafa. Kwa mila ya Kikurya mwanamke wa namna hiyo hakai akingoja kufa peke yake. Akiwa na ng'ombe, anatoa mahari anaoa mwanamke, na watoto wanaozaliwa ni wake. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu Bhoke kutoka Gorong'a, nikazaliwa mimi na mdogo wangu. Mwanamume aliyenizaa simzungumzii, hakutoa hata mbuzi. Wengine walisema Mama ni mkwe wa Bibi. Bibi mwenyewe alisema "mke wangu", tena kwa sauti.

Na Mama alikuwa na mdomo. Kwenye risaga, ile kazi ya wanawake kusaidiana shamba kwa shamba, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Siku ya zamu yetu tulikuwa tunapalilia ule muhogo, mimi natembeza maji kwenye kibuyu, jua limetukalia utosini. Mama akanyoosha mgongo, akatazama yale majani ya muhogo kama anayetazama mgeni asiyealikwa, akaanza. Kwa Kikurya wimbo ulikuwa mtamu zaidi, lakini maneno ni haya:

Muhogo ni mtamu, ametuambia mtemi,
mbona mdomo wake unanuka ulezi?

Wanawake wakaachia majembe wakacheka, kisha wakaitikia, "Unanuka! Unanuka!" Jembe likashuka na kila "unanuka". Sijawahi kuona shamba likipaliliwa upesi namna ile.

Msidhani risaga ilikuwa mahali pa matusi. Ilikuwa na sheria yake, na watoto tuliijua. Matendo ya mtu unaweza kuyaimba, awe baba mkwe, awe mtemi, na haruhusiwi kukuletea kesi. Lakini mwili wa mtu huuimbi. Kovu lake, utasa wake, mtoto wake aliyekufa, hivyo unaviacha. Mwanamke aliyewahi kuimba chongo la mwenzake alipokonywa jembe akarudishwa nyumbani, na hakuitwa tena msimu mzima.

Hazikupita siku nyingi, akaja tarishi wa mtemi. Kaptula ya kaki, kofia nyekundu, miguu imepauka kwa vumbi. Bibi akamkaribisha muhogo wa kuchoma. Akasema meno yanamuuma. Akasimama mlangoni na kutangaza kwamba wenye miji wote ambao wake zao waliimba wafike barazani. Kisha akateremsha sauti kama anayetufanyia hisani: "Msijisumbue kukana. Mmoja wenu ameshasema kila kitu."

Akaenda zake. Alipita mji hadi mji, na kila mlango aliacha neno hilo hilo.

Kuanzia hapo kijiji chetu kilibadilika harufu. Wanawake waliokuwa wakienda mtoni kwa kundi wakaanza kwenda mmoja mmoja. Mtu akikusalimia, unajiuliza anataka nini. Mama alikuwa akinisuka nywele huku anahesabu wenzake kichwani: huyu hakucheka sana, yule aliondoka mapema, yule mwingine mbona aliuliza nani katunga? Mwishowe macho ya wote yakamwangukia Wankyo, jirani yetu wa bondeni. Kosa lake? Siku ya wimbo alikuwa na kikohozi, hakuitikia vizuri. Tena watoto wake walionekana asubuhi na uji mwekundu kwenye midomo. Uji wa ulezi! Mwaka ule! Umetoka wapi, kama si kwa mtemi?

"Mtu hakohoi bure," Mama akasema.

"Nyamaza," Bibi akamjibu. "Hata mimi nakohoa."

Lakini Bibi naye usiku huo alihamisha kibuyu chake cha mbegu za ulezi, na hakumwambia yeyote alikokificha. Hata Mama.

Siku ya baraza tulikwenda sote, Bibi mbele na fimbo yake, Mama na mtoto mgongoni, mimi nimeshika nguo ya Mama. Baraza lilikuwa jengo la bati, bati likilia kwa joto. Wanaume ndani kwenye mabenchi, wanawake nje kwenye madirisha. Sheria ya pale ni kwamba mwanamke hazungumzi. Mumewe ndiye anayesimama kumjibia.

Wakaitwa mmoja mmoja. Kila mume akainuka na kumtukana mkewe. "Mtemi, mke wangu hana akili." "Wangu ndiyo kabisa, mtemi, alizaliwa hivyo." Kila aliyesema hivyo alitozwa mbuzi akaketi, na sisi madirishani tukawatazama wale wake wasio na akili ambao ndio waliokuwa wamewapikia asubuhi.

Ndipo tarishi akaita, "Mwenye mji wa Bhoke, aliyeanzisha!"

Bibi akaingia. Fimbo yake ikagonga sakafu mpaka mbele kabisa.

"Wewe mama, toka nje," mtemi akasema. "Wanawake hawasemi hapa."

"Nimeitwa."

"Ameitwa mume wa Bhoke."

"Ndiyo mimi. Au kuna mwingine aliyetoa ng'ombe? Mwiteni, namdai."

Benchi la nyuma likapasuka kicheko. Hata tarishi akainamisha kofia. Mtemi akatazama huku na huku na kuona amekwama. Akimtoa nje, kesi ya mwimbaji hasa haina mtu wa kuijibu. Akimsikiliza, mwanamke amesema barazani. Akamwachia aseme. Nadhani alijuta kabla Bibi hajafungua kinywa mara ya pili.

"Sheria ya risaga unaijua," mtemi akasema taratibu, akiwa na ujanja wake. "Mwili wa mtu hauimbwi. Mkeo ameimba mdomo wangu. Mdomo ni mwili. Hilo ni tusi."

Kwa kweli alikuwa ametushika pabaya.

Bibi akafikiri, akisugua fimbo kwa kidole gumba. "Mdomo wako haukuimbwa. Mke wangu hakusema ni mpana wala hakusema umepinda. Imeimbwa harufu yake. Na harufu hukuzaliwa nayo, umeinywa."

Safari hii hakuna aliyecheka kwa sauti, ila mabenchi yalitikisika. Wazee walitazama miguu yao. Mtemi akaacha ujanja akasimama.

"Sikiliza. Mimi sitaki mbuzi wako. Funga mdomo wa mkeo. Simama hapa, mbele ya watu, umwamrishe asiimbe tena, hata jina la muhogo asilitaje. Kama huwezi, basi wewe si mume. Na kama si mume, hii si ndoa. Bhoke anarudi kwao Gorong'a leo, na hawa watoto tutaona ni wa nani."

Hapo nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mambo ya wakubwa yanaweza kuninyang'anya mama. Nilishika ile nguo kwa mikono miwili. Mama hakunitazama. Alikuwa anamtazama Bibi, na usoni mwake niliona anaomba jibu fulani, ila sikujua lipi.

Bibi akasema: "Nilipomwoa alikuja na mdomo wake. Sitaufunga mimi, na wewe hutaufunga kwa mkono wangu."

"Nenda ukakae juani ufikiri," mtemi akasema. "Nitakuuliza tena."

Tukakaa nje, tumeegemea ukuta, bati likitudondoshea joto. Mama akamnyonyesha mdogo wangu. Na pale nikaona jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. Wanawake wote wa risaga walikuwa uwanjani, lakini hakuna aliyekaa karibu na mwenzake. Kila mmoja na kivuli chake. Wankyo alikuwa peke yake kabisa, mbali, kando ya njia. Akakohoa, na vichwa vyote vikageuka.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto wanne. Ilikuwa kwenye msiba, nikakutana na yule tarishi, sasa mzee, kofia hana, meno kweli hana. Nikampa shikamoo yake, nikamkalia karibu. Mimi ni mtu wa kushuku, sikujizuia.

"Mzee, lile la wimbo. Nani alituuza?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Awauze nani, binti yangu? Mlikuwa mnapayuka hadi ng'ambo ya mto. Nilisikia mwenyewe nikiwa naoga."

"Na ulisema mmoja wetu amesema."

"Niliagizwa niseme hivyo. Kila mlango."

Nikainuka nikaenda kumtafuta binti wa Wankyo. Akanieleza kuhusu ule uji. Ilikuwa mbegu ya mwisho ya mama yake, aliipika kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha na muhogo haukai tumboni. Mbegu! Alikula mbegu zake, na sisi tukasema analishwa na mtemi. Wankyo hakuitwa tena kwenye risaga. Halafu yule aliyeshukiwa baada yake hakuitwa, na aliyefuata, mpaka risaga yenyewe ikabaki jina. Kila mtu akapalilia peke yake kimya. Mtemi alitaka kimya, akakipata, na hakikutoka kwenye amri yake. Kilitoka kwenye lile neno alilotuachia mlangoni, tukalifuga wenyewe kama ndama.

Kwa hiyo leo nikiona vijana wanaambiwa waseme tu, wako huru, wasiogope, mimi nawatazama wanaowaambia. Siwaambii wanyamaze. Nawaambia semeni, na siku mtu atakapokuja kuwanong'oneza kwamba mwenzenu amewauza, muulizeni huyo kwanza ametumwa na nani. Mambo ya polisi na mahakama mtayaona kwa macho. Hilo la kunong'onezwa halionekani.

Na msihangaike juu ya mama yangu, ndoa haikuvunjwa. Wazee wengi kwenye yale mabenchi walikuwa wamezaliwa kwenye nyumba kama yetu. Kumwambia Bibi si mume kulikuwa kuwaambia wao hawana baba, na walianza kunguruma. Tulinyang'anywa dume letu la kulimia, na Mama tukamzika kwenye mji ule ule, akiwa mzee. Ila kuimba hakuimba tena. Angeimba na nani?

Lakini pale ukutani hatukuyajua hayo. Tulijua kwamba Bibi akiingia tena na kusema vile, Mama anaweza kwenda Gorong'a na sisi tukabaki. Mama akamshika Bibi mkono, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, mwambie utanifunga mdomo. Nitanyamaza, mimi nimekubali. Watoto hawa."

Bibi akamtazama kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anampima au anamuaga. Kisha tarishi akaita. Bibi akainuka, akakung'uta vumbi, akaingia. Mimi nikapanda dirishani.

"Haya," mtemi akasema. "Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Sema, wote wasikie."

Bibi akasimamisha fimbo.

"Nilipomwoa alikuja na mdomo wake. Sitaufunga mimi, na wewe hutaufunga kwa mkono wangu."